UCHAMBUZI: Usalama wa Bonde la Kerio Huanzia Juu ya Vilima vya Cherangany

Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 1 Novemba 2025, mvua kubwa ilinyesha katika miteremko ya Marakwet Mashariki, Kaunti ya Elgeyo Marakwet. Kabla ya mapambazuko, udongo uliokuwa umelowa kupita kiasi uliporomoka katika eneo la Chesongoch, ukasomba mawe, miti, nyumba na mifugo kuelekea chini bondeni. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Majeruhi walisafirishwa kwa ndege hadi Eldoret kupata matibabu, kwa kuwa barabara nyingi zilikuwa zimekatika. Waziri wa Usalama wa Ndani, Kipchumba Murkomen, aliyewahi kuwa seneta wa kaunti hiyo, alitangaza idadi ya waliofariki huku shughuli za uokoaji zikiendelea.

Msiba huo haukuwa wa kwanza mahali hapo. Chesongoch ilikumbwa na maporomoko yaliyoua watu mwaka 2010 na tena mwaka 2012. Mwaka 2020, mafuriko yalisomba kituo cha biashara. Jambo linapotokea mara moja, watu huweza kuliita ajali. Linapotokea mara nne katika kipindi cha miaka 15, ni wajibu wa kila anayehusika, awe afisa wa serikali, kiongozi wa kuchaguliwa au mwananchi wa kawaida, kuuliza ni kwa nini linarudi na ni lini litazuiwa.

Uchambuzi huu unajenga hoja moja. Mafuriko ya nchi ya milima huanza juu kwenye vyanzo vya mito, huua watu chini ya mteremko, na mara nyingi hufika usiku. Kwa sababu hiyo, ulinzi wa vyanzo vya mito si suala la mazingira pekee. Ni suala la usalama wa raia, na linapaswa kupangiwa bajeti, wahudumu na muda maalumu kama masuala mengine yote ya usalama.

Umbo la nchi

Kaunti ya Elgeyo Marakwet, ambayo makao yake makuu yako Iten, ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 3,030. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu wakazi 454,480. Nchi yake imegawanyika katika sehemu tatu zinazoonekana wazi kwa macho. Upande wa magharibi ni nyanda za juu zenye baridi, mashamba ya viazi na misitu. Katikati ni mteremko mkali unaokatiza kaunti kutoka kusini hadi kaskazini. Upande wa mashariki ni Bonde la Kerio, lenye joto, maembe na mbuzi.

Sehemu ya kaskazini ya nyanda hizo ndiyo Vilima vya Cherangany, vyenye vilele vinavyozidi mita 3,300 kutoka usawa wa bahari. Cherangany ni mojawapo ya minara mitano mikuu ya maji nchini Kenya, pamoja na Mau, Aberdare, Mlima Kenya na Mlima Elgon. Tofauti na minara hiyo mingine, Cherangany haikutokana na volkano. Ni miamba ya kale iliyoinuliwa juu, na juu ya miamba hiyo kuna udongo uliojikusanya kwa karne nyingi.

Maji ya Cherangany hugawanyika pande mbili. Yanayoelekea magharibi huingia katika Mto Nzoia na hatimaye Ziwa Victoria. Mto Moiben, ambao ni sehemu ya mfumo huo, ndio unaojaza bwawa la Chebara linalopeleka maji Eldoret. Yanayoelekea mashariki hushuka kwa kasi kupitia mito kama Embobut na Arror hadi Mto Kerio, ambao humwaga maji yake katika Ziwa Turkana. Kwa hiyo yanayotendeka katika msitu mmoja wa Cherangany huonekana kwenye bomba la mkazi wa Eldoret, katika shamba la Tot na hata Budalang'i, Kaunti ya Busia, ambako Nzoia imezoea kufurika kabla ya kuingia ziwani.

Upande wa magharibi mteremko ni wa polepole, na mto hupata nafasi ya kupanuka na kupunguza kasi. Upande wa mashariki ni tofauti. Sakafu ya Bonde la Kerio iko kwenye kimo cha mita 1,000 hivi. Maji hushuka takriban mita 2,000 katika umbali mfupi. Ndiyo maana mvua ileile inayomletea mkulima wa nyanda za juu usumbufu wa matope barabarani humletea mkazi wa chini kifo.

Mvua inavyogeuka kuwa tope

Ni vyema kuelewa ukubwa wa nguvu inayozungumziwa. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni sawa na lita moja ya maji. Mvua ya milimita 50, ambayo si ajabu kwa jioni moja ya msimu mkubwa, ikinyesha juu ya kilomita moja ya mraba huleta lita milioni 50, yaani tani 50,000 za maji. Kijito kimoja kinachokusanya maji kutoka kilomita 10 za mraba kitakuwa kimepokea tani 500,000. Hata kama nusu ya maji hayo itanyonywa na ardhi, inayobaki hutafuta njia ya kushuka usiku huohuo.

Ardhi yenye msitu hunyonya maji hayo taratibu. Majani huvunja kasi ya matone, mboji hushikilia maji kama sifongo, na mizizi hufungua njia ndogondogo za kuyapeleka chini. Ardhi iliyo wazi haina uwezo huo. Matone hugonga udongo moja kwa moja, uso wake huziba, na maji huanza kutiririka juu yake yakichimba makorongo.

Hatari ya pili haionekani kwa macho. Mvua inaponyesha kwa siku nyingi mfululizo, udongo hujaa maji hadi chini penye mwamba. Maji yaliyojaa kati ya chembe za udongo huzisukuma chembe hizo zisishikane, uzito wa tabaka zima huongezeka, na tabaka hilo huanza kuteleza juu ya mwamba. Hapo ndipo mteremko uliosimama kwa miaka mingi huanguka kwa dakika chache. Kwa hiyo, mvua ya siku moja si kipimo cha kutosha cha hatari. Mvua ya wastani inayonyesha baada ya majuma mawili ya mvua inaweza kuwa hatari zaidi kuliko mvua kubwa inayonyesha juu ya ardhi kavu.

Hatari ya tatu hujitokeza ndani ya mkondo wenyewe. Magogo, mawe na udongo ulioporomoka huweza kuziba mto mahali pembamba na kufanya bwawa lisilopangwa. Watu wa chini huona maji yamepungua na kudhani kuwa hatari imepita. Bwawa hilo linapovunjika, kila kilichokuwa nyuma yake hushuka kwa mkupuo mmoja. Mto wa mlimani ukipungua ghafla wakati mvua inaendelea kunyesha, hiyo si dalili ya amani. Ni ishara ya kuondoka kando ya mto mara moja.

Matukio manne, saa zilezile

Miaka ya karibuni imetoa mafunzo mengi, na yanafanana. Usiku wa tarehe 22 kuamkia 23 Novemba 2019, maporomoko ya ardhi katika Kaunti jirani ya Pokot Magharibi yaliua zaidi ya watu 40 katika maeneo ya Nyarkulian, Parua na Tamkal. Msimu huo, maji ya upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi yalikuwa na joto lisilo la kawaida, hali ambayo huleta mvua nyingi za vuli Afrika Mashariki. Aprili 2020, tope na mawe vilishuka usiku hadi Chesogon, mpakani mwa Pokot Magharibi na Elgeyo Marakwet, vikaua watu na kufuta maduka na kituo cha polisi. Tarehe 29 Aprili 2024, kabla ya alfajiri, wimbi la maji na tope liliua makumi ya watu Mai Mahiu, Kaunti ya Nakuru, katika msimu wa masika ambao nchini kote uligharimu maisha ya zaidi ya watu 280. Kisha ikaja Chesongoch.

Matukio yote manne yalitokea watu wakiwa wamelala au wakijiandaa kulala. Katika nchi ya milima, hewa yenye unyevu hupanda miteremko wakati wa mchana, mawingu hujikusanya alasiri, na mvua hunyesha jioni. Maji hukusanyika na kushuka baadaye usiku. Mtu wa bondeni huenda asione hata tone moja la mvua juu ya paa lake, huku mto ukiwa tayari umejaa kule juu.

Tukio la Mai Mahiu lina funzo la ziada. Mwanzoni ilidhaniwa kuwa bwawa lilikuwa limepasuka. Baadaye ilielezwa kuwa njia ya maji chini ya tuta la reli ilizibwa na magogo na takataka, maji yakajikusanya nyuma yake kisha yakavunja na kushuka. Tuta la reli, daraja la barabara au karavati dogo la mashambani, lolote kati ya hayo laweza kugeuka kuwa bwawa lisilo na mlinzi. Katika miteremko ya Marakwet, ambako barabara mpya zinahitajika sana na wananchi wana haki ya kuzidai, ukaguzi wa karavati kabla ya msimu wa mvua ni kazi ya kuokoa maisha wala si usafi wa kawaida.

Kwa nini watu wanaishi pale?

Swali hili huulizwa kila baada ya maafa, aghalabu na watu wanaoishi mbali, na wakati mwingine huulizwa kwa lawama. Linastahili jibu la haki.

Wamarakwet wameishi katika mteremko wa Kerio kwa vizazi vingi, na walikuwa na sababu zao. Sakafu ya bonde ilikuwa na malaria, ukame na hatari ya wizi wa mifugo. Nyanda za juu zilikuwa msitu wenye baridi. Mteremko ulitoa usalama na maji. Hapo ndipo wazee wao walipojenga mifereji ya kumwagilia mashamba, inayotoa maji katika mito ya mlimani na kuyapitisha kando ya majabali hadi mashamba ya mtama, wimbi na mahindi huko chini. Mifereji hiyo ina umri wa mamia ya miaka, nayo husimamiwa na koo kwa ratiba na kanuni zinazojulikana. Jamii iliyoweza kuongoza maji juu ya majabali bila saruji wala mashine haiwezi kuambiwa kwamba haijui maji.

Hata hivyo, mambo matatu yamebadilika. Idadi ya watu imeongezeka, na vijana wanaotafuta ardhi hulazimika kulima na kujenga mahali ambapo babu zao walipaacha kwa makusudi. Ukosefu wa usalama katika Bonde la Kerio umezifanya familia nyingi zihame sakafu ya bonde na kupanda tena mteremko, zikikimbia risasi na kuyakaribia maporomoko. Tena hewa imekuwa na joto zaidi, na kanuni ya fizikia ni kwamba kila ongezeko la nyuzi moja ya Selsiasi huiwezesha hewa kubeba unyevu zaidi kwa takriban asilimia 7. Mvua kubwa inaponyesha sasa, huwa na akiba kubwa zaidi ya kumwaga.

Kwa hiyo amri ya kuhama, ikitolewa peke yake, haitoshi. Familia inayoambiwa iondoke kwenye mteremko itauliza inaelekea wapi, kwa hati gani ya ardhi, itapata maji ya mfereji gani, na ni nani atakayeilinda dhidi ya wezi wa mifugo. Mpango wa makazi usiojibu maswali hayo manne utazaa nyumba tupu, na watu watarudi kwenye viwanja vyao vya zamani mvua ikikatika. Usalama wa bonde na usalama wa mteremko ni jambo moja, na wizara zinazohusika zinapaswa kuyapanga pamoja.

Msitu na mwananchi

Kule juu, msitu wa Embobut ndio mfano wa ugumu wa kazi hii. Kwa miaka mingi sehemu zake zilikatwa kwa ajili ya mashamba na malisho. Mwishoni mwa mwaka 2013 Serikali ilitoa fidia ya shilingi 400,000 kwa kila familia iliyoorodheshwa, na Januari 2014 operesheni ya kuwaondoa watu msituni ikafanyika. Jamii ya Wasengwer, inayouhesabu msitu huo kuwa nchi ya mababu zake, ililalamika kwamba haki zake hazikuzingatiwa. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ufadhili wa mradi wa kulinda minara ya maji uliohusisha Cherangany, baada ya mtu mmoja wa jamii hiyo kuuawa kwa risasi.

Historia hiyo haiwezi kupuuzwa. Inafundisha kuwa uhifadhi unaotegemea nguvu peke yake hugharimu maisha, huvunja imani, na hatimaye huukosesha msitu fedha za ulinzi. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inatambua vyama vya jamii vya misitu, na Sheria ya Maji ya mwaka huohuo inatambua vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji. Vyama hivi vikipewa mafunzo, fedha kidogo na heshima, hulinda chemchemi mchana na usiku, kwa kuwa wanachama wake ndio wanaozinywea.

Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 69, inaitaka Serikali kufikia na kudumisha miti katika angalau asilimia 10 ya eneo la nchi. Tathmini ya kitaifa ya rasilimali za misitu iliyofanywa mwaka 2021 ilionyesha asilimia 12.13 ya miti, ingawa misitu yenyewe ilikuwa asilimia 8.83. Lengo la sasa ni kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Takwimu hizo zinatia moyo, lakini mti uliopandwa kando ya barabara kuu tambarare hauwezi kushika udongo wa Embobut. Kwa kaunti ya milimani, jambo la msingi ni mahali miti inapopandwa, aina yake, na iwapo itafikisha mwaka wake wa tano. Miche ya asili kwenye vichwa vya vijito ina faida kubwa kuliko maelfu ya miche isiyojulikana ilikoishia.

Vilevile ni lazima tuwe wakweli. Msitu hupunguza hatari lakini hauifuti. Mvua ikizidi kiwango, hata mteremko wenye miti huweza kuanguka. Anayewaahidi wananchi kwamba miche itawaokoa msimu ujao anawapa matumaini yasiyo na msingi.

Hatua tatu, muda wa aina tatu

Hapa ndipo mipango mingi hukosea. Hatua zote huwekwa katika orodha moja, kana kwamba zitaleta matunda siku moja. Ukweli ni kwamba kila hatua ina muda wake.

Hatua ya muda mrefu ni kurejesha misitu ya vyanzo vya mito. Matokeo yake yatahesabiwa kwa miaka 10 au 20. Inapaswa kuanza sasa, lakini haiwezi kuwa jibu la pekee kwa familia inayolala chini ya korongo mwaka huu.

Hatua ya muda wa kati ni kutunza miteremko yenyewe, na msimu mmoja au miwili inatosha kuleta mabadiliko. Kanuni za kilimo za mwaka 1965 zilikataza kulima ardhi yenye mwinamo unaozidi asilimia 35, na zikataka ardhi yenye mwinamo wa kati ya asilimia 12 na 35 iwekewe kinga dhidi ya mmomonyoko. Wakulima wa Kenya wanajua matuta ya "fanya juu", nyasi za mabingobingo kwenye kingo, na mifereji ya kugeuza maji. Kanuni za maji nazo huacha ukanda wa kati ya mita 6 na 30 kando ya mto bila kulimwa wala kujengwa. Maarifa na sheria hizi ni vya zamani. Linalohitajika ni afisa wa kilimo anayefika shambani, na mkulima wa viazi anayepewa mbadala wa mapato kabla ya kuambiwa aache kipande chake cha mteremko.

Hatua ya muda mfupi ni tahadhari, na hiyo yaweza kuanza katika majuma machache. Maji yanayokwenda kwa kasi ya mita 4 kwa sekunde hutumia takriban dakika 40 kupita kilomita 10. Huo ndio muda alio nao mwananchi wa chini. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu, wa wiki na wa siku, nao ni wa maana kwa maandalizi. Lakini ikiwa taarifa kwamba korongo fulani limeanza kumwaga tope itapanda kwanza hadi makao makuu ya kaunti, ipite Nairobi, kisha irudi kijijini, maji yatakuwa yamekwisha kufika.

Ujumbe wa dakika 40 unahitaji njia fupi: mtu wa juu kumwambia mtu wa chini moja kwa moja. Kipimamvua cha bei nafuu katika shule ya nyanda za juu, mwalimu au mzee wa kijiji anayekisoma kila jioni, kiwango kilichokubaliwa ambacho kikifikiwa simu hupigwa, orodha ya namba za wazee wa vijiji vya chini, na king'ora au kengele ya kanisa kwa pale ambapo mtandao haupatikani. Njia za kukimbilia zikaguliwe mchana, watoto wazizoee, na kila nyumba ijue mahali pa kukutana. Zoezi hilo halina gharama kubwa. Linadai mpangilio na nidhamu ya kulirudia kila msimu. Umoja wa Mataifa umeweka lengo kwamba kila mtu duniani alindwe na mfumo wa tahadhari ya mapema kufikia mwisho wa mwaka 2027. Lengo hilo litatimia Chesongoch siku ambayo mama aliyelala ataamshwa na jirani kabla ya kuamshwa na mngurumo.

Nani afanye nini?

Jedwali la Nne la Katiba linaitaja kazi ya kukabiliana na maafa katika orodha ya Serikali ya Kitaifa na pia katika orodha ya serikali za kaunti. Kaunti zimekabidhiwa pia utekelezaji wa sera za kitaifa za kuhifadhi udongo na maji, pamoja na mipango ya matumizi ya ardhi. Jukumu la pamoja lina faida yake, ila lina hatari moja: kila upande unaweza kumsubiri mwenzake.

Dawa ya hatari hiyo ni kugawa kazi kwa majina ya ofisi na tarehe. Ramani ya vijiji vilivyo chini ya makorongo hatari iandaliwe na wataalamu wa jiolojia na mipango ya ardhi, kisha ibandikwe kwenye ofisi ya chifu, ambako kila mtu ataiona. Ukaguzi wa karavati na madaraja ukamilishwe kabla ya Machi na tena kabla ya Oktoba. Vibali vya ujenzi katika maeneo yaliyowekewa alama visitolewe, na majengo ya umma, hasa shule, zahanati na vituo vya polisi, yawe ya kwanza kuhamishwa ili wananchi waone kwamba Serikali inatangulia katika kutii ushauri wake yenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaziruhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura. Lakini fedha za dharura hutumika baada ya maafa. Kinga inapaswa kuwa na fungu lake katika bajeti ya kawaida, ili mwananchi aweze kuuliza katika kikao cha umma limetumikaje.

Wananchi nao wana wajibu wao. Kukata mti kwenye kichwa cha kijito, kulima hadi ukingoni, kutupa magogo mtoni na kupuuza onyo lililotolewa kwa sababu la mwaka jana halikutimia ni mambo yaliyo ndani ya uwezo wa kila mmoja kuyaacha. Onyo kumi zinaweza kupita bila tukio. Ya kumi na moja ndiyo itakayohesabiwa. Viongozi wanaotoa tahadhari wasione haya isipotimia, na wanaoipokea wasiwacheke.

Msimu hautangojea kamati

Kila mwaka mvua za masika huanza mwezi Machi na za vuli mwezi Oktoba. Tarehe hizo zinajulikana, miteremko inajulikana, na mikondo ambayo tope limepita inaonekana hadi leo kwa mawe yaliyobaki. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika Bonde la Kerio ufa uko juu milimani, na kila mwenye macho anauona.

Kipimo cha haki cha mafanikio hakitakuwa idadi ya miche iliyopandwa wala ya mikutano iliyofanyika. Kitakuwa usiku mmoja wa mvua kubwa ambapo mteremko utaanguka, mto utajaa mawe, nyumba zitasombwa, na asubuhi wazee wa kijiji wataita majina ya familia zote mahali pa kukutana, na kila aliyeitwa ataitikia.